Karatasi ya Farasi Lord

Mkojo wa farasi ukikaa siku tatu kwenye majani makavu hunuka hadi macho yanatokwa na machozi. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipokuwa tunaishi Evere, kitongoji cha Brussels. Kila Jumatano, shule ikifungwa mchana, mama alinituma nimpelekee kaka yake, Tonton Ilunga, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje kidogo ya Brussels. Nilichukia safari hiyo. Harufu iliingia kwenye nywele zangu zilizosukwa, na katika basi la kurudi watu walihama viti.

Tonton alikuwa mtunza farasi, na alinisimulia enzi za uwanja ule kana kwamba alizaliwa humo. Ulijengwa na matajiri waliokwenda kutazama mbio za Uingereza wakarudi na wivu: wakataka nyasi zilezile, kofia zilezile, hata farasi wakawapa majina ya huko. Mimi nilichokiona ni jukwaa la mbao lililooza, limejaa mavi ya njiwa, na wazee wenye vidole vya njano waliotemea mate tiketi zao za kamari na kumtukana mnyama aliyeingia wa nne. Lord, farasi aliyetunzwa na Tonton, alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo. Alikuwa mzee, mbavu nje, macho yanatoa ute. Tonton aliupangusa ute huo kwa leso yake mwenyewe, kisha akairudisha mfukoni. Nilikuwa nageuza uso.

Ilipotangazwa kwamba uwanja unafungwa, wenye farasi walianza kuwaondoa mmoja mmoja. Mwenye Lord aliacha karatasi tu zizini. Ilikuwa ya Kiholanzi, lugha niliyosomea shuleni na ambayo Tonton hakuijua. Mjane mmoja jirani, mwenye malisho, alikuwa tayari kumnunua Lord kama angekuwa hatarini. Ilitosha Tonton ampigie simu kabla ya Jumamosi, siku ambayo lori lingekuja.

“Bon, unisomee, mutoto yangu,” aliniambia. “Wanamupeleka wapi?”

Wenzangu walikuwa wananisubiri mjini, Flagey, na mimi nilitaka kutoka kwenye uvundo ule. Nilisoma mistari miwili ya juu, jina la farasi na siku ya lori, nikaikunja. Ya chini sikuitazama.

“Anaenda kupumuzika, tonton. Ku majani.”

Alicheka kwa furaha. “Alors, huyu muzee anapata pension mbele yangu.”

Jumamosi alimwosha, akamsuka manyoya ya shingo, akampandisha lorini kwa mkono wake. Jumatano iliyofuata mtunza farasi mwenzake alinikuta kwenye kituo cha basi akaniambia kwamba lori lilikwenda machinjioni, na kwamba karatasi ilisema hivyo waziwazi. Akaniomba Tonton asijue, angeumia. Nilishukuru kupata kisingizio hicho.

Tangu hapo nimehama miji saba katika nchi nne, na sijui kukaa. Kila nikipita Brussels huenda kupatazama. Uwanja haupo. Kuna nyumba nyeupe zinazofanana, na wauzaji walisimamisha bango lenye mwanamke wa kofia pana akimshika farasi anayeng’aa, na maneno ya kusifu urithi wa mahali hapo. Linanichefua kuliko mavi yote niliyoyakanyaga pale. Urithi wenyewe ulikatwa vipande ukauzwa kwa kilo. Lakini wale wauzaji angalau wanawadanganya watu wasiowajua.

Tonton sasa ni mstaafu, anaishi Berchem, na kwa miaka yote hii aliwaambia wageni kwamba Lord alikufa kwa uzee, amelala kwenye majani, kwa sababu mimi nilisoma karatasi. Mwaka huu, nikiwa nakaribia arobaini, niliketi jikoni kwake nikamwambia yote. Aliweka viganja juu ya meza. Nilingoja aniulize kwa nini nilificha. Hakuuliza hilo.

“Siku ile,” alisema, “ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?”

“Flagey, tonton,” nikasema. “Kula chipsi.”