Nyumba Tuliyomjengea Bibi wa Olbalbal

Kabla hatujamjengea nyumba, yule bibi wa Kimasai alilala kwenye kibanda cha kulindia ndege, pembeni ya shamba la ngano la jirani yetu, hapo Endabash. Alikuja kwetu kumfuata binti yake aliyeolewa na mkulima. Binti akafa kwa uzazi, mkwe akahamia Mbulu na mke mwingine, bibi akabaki. Kwao Olbalbal ng'ombe walikwisha kwa ukame, na mwanawe wa mwisho alielekea Arash na hakurudi. Nayasema kama nilivyoambiwa. Wakati ule sikuwa mtu wa kuuliza mengi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimezika mtoto, na tangu hapo mambo yalinipita tu, ya kucheka na ya kulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sabuni ilikuwa adimu, bati ndiyo usiseme. Kanisa lilipopata mabati machache, kamati ya wanawake tukasema apewe bibi, maana masika yalikaribia na kibanda chake hakikuwa na ukuta. Hakuna aliyepinga. Tulijiona watu wema sana siku ile.

Mimi ndiye niliyeitwa kutafsiri. Nilipokuwa mdogo baba yangu alichunga ng'ombe wa watu kule Olbalbal, na Kimasai nilikijua kabla ya Kiswahili. Balozi wa nyumba kumi alimweleza bibi kwamba wanaume watakata miti, watasimamisha nyumba na kuezeka, yeye akae tu asubiri. Bibi akanigeukia mimi.

"Mwanangu, waambie wanipe fito, nyasi na mavi ya ng'ombe. Mikono ninayo. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, naye ndiye mwenyewe, hata mumewe anapiga hodi. Mkinijengea, nitakuwa mgeni wa aliyejenga."

"Anasemaje?" balozi akauliza.

"Anashukuru," nikasema.

Nilidanganya, na sikuwa na sababu ya maana. Kikao kilikuwa kirefu, ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Nilijua nikiyasema yale tutakaa mpaka jua litue, wanaume wetu wa Kiiraqw wakibishana kama ni haki kikongwe ajijengee mbele ya watu wenye nguvu zao. Kwetu hiyo ni aibu ya kijiji kizima. Nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wanaume walisimamisha nyumba kwa siku mbili za msaragambo, kila mmoja akijitolea. Kukandika ni kazi yetu wanawake. Wenzangu walikandika nje, wakakimbilia mashamba yao, mvua isije ikawakuta hawajapanda. Ndani nilikandika peke yangu, kuta zote nne na sakafu. Bibi alikaa chini akiniangalia mikono. Mara moja aliinuka akachota tope. Nikamwambia apumzike, tutamalizia sisi. Akalirudisha tope mahali pake, akanawa.

Siku ya kukabidhi nyumba tulisali, tukala makande. Bibi akaambiwa aingie. Hakuingia. Alinisubiri nitangulie mimi, kisha akasimama mlangoni akapiga hodi. Watu wakapiga vigelegele, wakasema tazama adabu ya wazee wa zamani.

Kesho yake asubuhi alivuka korongo na fimbo yake mpaka uani kwangu.

"Mwenye nyumba, naomba niwashe moto."

Nilidhani ni utani. Nikamwambia, "Koko," yaani bibi kwa Kimasai, "washa." Siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. "Koko, nyumba ni yako," nilimwambia. Alijibu, "Nimesikia," na asubuhi akaja. Siku moja nilimfokea mbele ya majirani kwamba ananipotezea muda. Akangoja nimalize kufoka, akaomba kuwasha moto. Kitanda tulichomtengenezea hakukilalia. Alitandika ngozi karibu na mlango, anapolala mtu wa kuondoka kesho. Majirani wakasema shukrani ya punda ni mateke. Nami nikaitikia pamoja nao.

Fito zilikuwepo. Mavi ya ng'ombe yalijaa kila zizi. Ningeweza kusimama siku yoyote nikasema, jamani, mwacheni ajenge kijumba chake pale ubavuni, hata cha mbuzi wawili. Lakini ningelazimika kueleza nilichokificha kikaoni. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilitoa ruhusa kila asubuhi, mkono kwenye ndoo ya maziwa, bila kumtazama. Nilizoea. Binadamu huzoea chochote, na hilo silisemi kwa kujisifu.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu asionekane. Nikavuka korongo. Nilimkuta kwenye ngozi yake karibu na mlango, pumzi inakwama, mafiga baridi. Hakuwa amewasha moto kwa sababu hakuweza kuja kuomba.

Hapo nikamwambia. "Koko, siku ile sikuwaambia maneno yako."

"Najua," alisema. "Hawakubishana." Akapumzika. "Sasa nitoe nje, mwanangu. Kwetu nyumba iliyofiwa huachwa. Sitaki kukuharibia nyumba yako."

Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilimfunika blanketi nikambeba. Hakuwa na uzito wa kusumbua. Nikakaa naye kwenye nyasi, mbali na ukuta, mgongo wake kifuani kwangu. Alikufa kabla mvua haijakolea. Niliendelea kukaa. Nilingoja nione uchungu, nikaona baridi tu.

Balozi alikuja na watu wawili. Alitazama mlango ulio wazi, akatazama bati, akatutazama sisi tulivyolowa. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo.

"Mama, umefanya nini? Nyumba ipo, bati lipo, unamtoa mgonjwa afe mvuani! Kwa nini umemtoa ndani ya nyumba yake?"

"Haikuwa yake hata siku moja," nikamjibu. "Ni yangu. Alikuwa anakuja kuniomba moto."

Wakamchukua mikononi mwangu, wakamrudisha ndani.