Sweta Nyekundu ya Shiku

Enzi zetu kule Mau Narok baridi ilikuwa baridi kweli, si hii ambayo watoto wa Nakuru mjini wanalilia hita. Asubuhi umande uliganda juu ya majani ya viazi, nasi tukaenda shule tukitoa moshi mdomoni kama sufuria za githeri. Bila sweta, ulifika darasani vidole haviwezi kushika kalamu.

Sasa huyo dada yangu mdogo, Shiku, alinichosha! Jumapili moja mwinjilisti alikuja kanisani kwetu kuaga. Alikuwa anapeleka Injili Turkana, akaomba chochote cha kusaidia kazi huko. Watu wazima wakapeleka mbele mahindi na maharagwe. Shiku, wa darasa la pili, akainuka, akavua sweta yake nyekundu aliyofumiwa na shosho, mama yake baba, akaiweka juu ya gunia, akarudi kuketi mikono wazi.

Kanisa zima likacheka. Tulipotoka nje, mama akamshika sikio.

"Shiku, Turkana kuna jua la kuua! Sweta ya nini?"

"Na usiku, mama?"

Mama akaliachia sikio. Pesa za sweta nyingine hazikuwepo. Akanigeukia mimi. "Basi mtavaa yako kwa zamu."

Mimi! Kutoa alitoa yeye, kutetemeka nikatetemeka mimi. Yeye alivaa kwenda shule, mimi nikavaa kurudi, jua limeshawaka na sweta haina kazi. Nikilalamika, baba alisema tu, kikombe cha chai mdomoni, "Mungu anakuona, mwanangu." Aliniona na makamasi hadi kidevuni!

Muhula uliofuata mwinjilisti akarudi kutupa habari. Akasema kule usiku upepo wa jangwani ni mkali, na watoto wa misheni wanaivaa ile sweta kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Shiku akanipiga kiwiko mbavuni, uso umemjaa furaha.

"Umesikia? Kama sisi tu!"

Nilitaka kumfinya. Machozi yakanitangulia.

Juzi kanisa letu hapa mjini liliomba nguo za kupeleka misheni. Binti yangu, ambaye kabati lake halifungiki kwa kujaa, akaniletea hudi iliyong'oka zipu, mkono mmoja umetoboka.

"Hii si imeharibika?"

"Ah, mathe, si ni ya kupeana tu."

Nilifoka hadi jirani akazima redio asikilize. Watoto wa siku hizi wanatoa kile ambacho hata panya amekikataa! Nikafungua kabati langu kwa kishindo nimwonyeshe vile watu hutoa. Nikashika koti la sufu, nikaliacha. Nikashika lingine, nalo nikaliacha. Enzi zile Shiku alivua mara moja tu, wala hakuangalia nyuma. Mimi nikabaki hapo, mkono ukitembea juu ya nguo, binti yangu akinitazama.

"Mathe," akasema polepole, "si uchague basi?"