Herufi za Msiba kwenye Pakiti ya Kahawa

Herufi zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya duka la steshenari ninalofanyia kazi, mtaa wa Majengo, mjini. Ni nene, zina mikia iliyojikunja miguuni na kivuli upande mmoja, kana kwamba zimechongwa kwenye kibao cha duka la zamani. Bosi wangu anazipenda kwa kadi za harusi. Mteja akitamka tu neno mwaliko, yeye ameshazifungua. Mimi sikuzipenda. Ziliundwa juzi na mtu mwenye kompyuta kama yangu, halafu zinajifanya zimeishi enzi za babu zetu.

"Kwa nini kitu kipya kivae nguo za kizamani?" nilimuuliza bosi.

"Wewe hata chai utaiuliza kwa nini ni ya moto," alisema. "Mteja anapenda. Chapa."

Ndipo akaja mama mdogo, ambaye anaishi juu mlimani na baba mdogo, kwenye kihamba chao, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Miaka yote walikuwa wakiuza kahawa ghafi, na baba mdogo alikuwa amechoka. Ameshaagiza miche ya parachichi, anataka kung'oa mibuni yote. Mama mdogo akaanza kukaanga na kusaga kahawa mwenyewe, akapata duka moja mjini ambalo watalii huingia kununua zawadi. Mwenye duka akamwambia alete pakiti Jumamosi, ziwe na lebo ya kuvutia. Yeye na baba mdogo wakakubaliana nyumbani: duka likipokea, mibuni inabaki. Likikataa, jembe linaingia.

"Nataka ionekane ya zamani," aliniambia.

"Mama mdogo, biashara yako haina hata mwaka."

"Biashara ni mpya. Mibuni aliipanda baba mkwe wangu. Sasa hapo muongo nani?"

Nikazifungua zile herufi. Kwa kuwa nilikuwa nimekubali kushindwa, nilishindwa kabisa: jina, uzito, maelezo ya kupika, vyote niliviandika kwa herufi hizo, kwa wino mweusi, ndani ya fremu yenye maua pembeni. Nikachapa karatasi nzima ya stika, nikapanda nayo mlimani Alhamisi.

Tulikuwa mezani, karatasi ya stika iko katikati, jirani akaingia na chupa ya maziwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, macho yakiwa mezani. Akaweka maziwa chini, akakaa, akajifunga kanga vizuri.

"Poleni jamani," alisema. "Mbona hamkunipigia simu? Ni lini?"

"Ni lini nini?" mama mdogo aliuliza.

"Mazishi."

Mama mdogo akainua karatasi, akamsogezea karibu. "Ni kahawa, mama. Soma."

Baba mdogo alikuwa mlangoni akivua mabuti. "Hajakosea," alisema. "Marehemu ni mibuni. Tunazika wiki ijayo, karibuni wote."

Jirani alicheka mpaka akashika kifua. Mama mdogo hakucheka. Alizigeuza zile stika kifudifudi, akaenda kuwasha jiko.

Nilitaka kubisha. Kule Majengo herufi hizi hizi zinatangaza harusi na hakuna anayelia. Lakini mtu aliyeingia kutoka nje alikuwa ameona msiba, na ubishi wangu usingeuza pakiti hata moja. Basi nilimwomba jirani anionyeshe alichokuwa amekiona. Tukaenda kwake, akatoa kabatini ratiba za ibada za mazishi ambazo watu wa huku huzitunza. Zote zimechapwa kwenye duka moja karibu na kanisa, kazi ambayo kwetu Majengo haiji. Ukurasa mzima kwa herufi zile, kuanzia jina la marehemu hadi nyimbo, weusi mtupu, na fremu ya maua. Nilikuwa nimeitengeneza ratiba ya mazishi bila kuwahi kuishika mkononi.

Ijumaa nilianza upya. Nilitoa fremu. Herufi za mapambo nikaziachia neno moja tu, KAHAWA, kubwa, kwa rangi nyekundu ya buni lililoiva. Yaliyobaki niliyaandika kwa herufi za kawaida zisizo na madaha. Neno lile likapumua. Nikaona kwamba herufi za aina hii hazijaumbwa kwa hotuba ndefu. Zinataka kuita mara moja na kunyamaza.

Jioni nilipanda tena mlimani, nikampelekea jirani pakiti yenye lebo mpya bila kusema kitu. Aliinusa, akaigeuza.

"Hii mmeinunua wapi?"

"Ni ya mama mdogo."

"Acha utani," alisema, akaisoma tena.

Jumamosi mwenye duka alizipanga pakiti mezani kwake, akasogea nyuma kuzitazama. "Mmeanza lini?" aliuliza.

Mama mdogo alinitupia jicho. "Kukaanga, mwaka huu. Mibuni ni ya baba mkwe."

"Ziache. Tuone watu watasemaje."

Nilimwomba mwenye duka aweke chache bila lebo, tujue kama watu wananunua herufi au harufu. Mama mdogo alinifinya mkono, tukatoka.

Mpaka leo sijui ni kipi. Ninachojua ni kwamba siku chache baadaye mama mdogo alinipigia nikiwa kazini. Duka lilitaka pakiti nyingine, nichape stika haraka. Nikauliza ngapi. Kabla hajajibu, nikamsikia baba mdogo kwa nyuma akiuliza turubai liko wapi, maana mvua inakuja na kahawa iko nje kwenye kichanja cha kuanikia.