Stempu Mbovu za Shangazi Deodata

Kila asubuhi akishafagia uwanja, shangazi Deodata alikuwa ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta mpaka vidole vinakauka kabisa, halafu anakaa nyuma ya jiko na kufungua kopo la biskuti. Alitoa stempu moja tu. Aliitazama kwa lenzi, akairudisha, akafunika.

Zilikuwa za Ufaransa, za zamani sana. Alipewa na padre mzee wa huko, ambaye shangazi alimfulia nguo miaka tisa kule Mabawe. Padre ndiye aliyemfundisha kutafuta makosa ya kiwandani. Moja ilikuwa na mwanamke anayetembea akimwaga mbegu, na mkononi ana doa jeupe kwa sababu wino haukufika. Nyingine tarakimu 5 imekatika mkia. Nyingine imechapwa mara mbili, sura ikawa na pua mbili. Hiyo ilinichekesha.

“Cheka,” shangazi akasema. “Za pua moja ziko mamilioni. Hii huenda iko peke yake.”

Shangazi aliachana na mume wake miaka sita iliyopita, akarudi kwa kaka yake, yaani baba yangu. Tangu hapo hakuruhusiwa kwenda mbali peke yake. Hata gulioni Bukiriro alikwenda na mimi, na tukirudi baba aliniuliza mimi tulipita wapi. Aliomba akajifunze kushona Biharamulo. Baba akasema, “Na hapa nani atapika? Mbuzi watajikamua?”

Basi akampata mwalimu Erasmus wa Biharamulo, anayewauzia Wazungu stempu kwa simu. Akamtumia picha za zile zenye makosa. Mwalimu akajibu atakuja Jumamosi. Baba aliambiwa tu kwamba mgeni anakuja kutazama stempu. Shangazi aliniambia kwa sauti ndogo, “Akizinunua, napanga chumba Biharamulo. Siombi ruhusa tena.”

Ijumaa alikwenda mashineni kusagisha mahindi. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Baba akaleta ungo, akamwaga stempu zote, akaanza kuchambua kama tunavyochambua kahawa kabla ya kuipeleka chama cha ushirika: nzima kulia, mbovu kushoto. Chamani wakiona punje nyeusi wanakurudishia gunia.

“Mgeni aje aone takataka hizi?” alisema. “Ona, namba imekatika. Na hii imechapwa na mlevi!”

“Baba, shangazi alisema hizo...”

“Shangazi yako hajawahi kuuza hata yai.”

Akakusanya za kushoto, akazitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Ziliisha upesi. Shangazi aliporudi na unga kichwani, sikumwambia.

Jumamosi mwalimu alifika kwa pikipiki mapema, shangazi bado anafagia uwanja. Akapewa kopo, akalifungua, akatazama stempu moja moja, muda mrefu.

“Dada, hizi nzuri ninazo tele. Zile za kwenye picha ziko wapi?”

Shangazi akapindua kopo. Akalitikisa. Baba akatabasamu.

“Mbovu nilizitoa, mwalimu. Nimezichoma. Nimekuchambulia, Deodata mdogo wangu, hata asante husemi?”

Mwalimu akavua miwani. “Mzee, mimi nilifuata hizo mbovu.”

Baba alicheka, akatutazama mmoja mmoja kuona kama ni utani.

“Haya, imeshatokea,” akasema. “Mtu gani ananunua makosa? Deodata, mletee mwalimu chai. Wewe chumba chako kipo hapa hapa, hakuna anayekufukuza.”

Shangazi akaingia ndani. Tulisubiri chai. Akatoka amevaa viatu vya kanisani, na mfuko mdogo.

“Unakwenda wapi?”

“Biharamulo.”

“Kwa nani? Una nini wewe?”

“Sina kitu, kaka.”

“Na nani kakuruhusu?”

Mwalimu alitaka kumpakia kwenye pikipiki, shangazi akakataa, akasema atatembea mpaka barabara kubwa. Alinishika bega akasema, “Baki salama, mama,” akapita katikati ya migomba. Baba alimwita mara mbili, ya pili kwa Kihangaza, lugha ya kwetu. Hakugeuka, na mpaka leo hajarudi.