Baruti ya Kufuta kwa Kidole

Nilikuwa na miaka saba njaa ilipotuingia kijijini kwetu Kanga: nguruwe walifukua mihogo yetu, na gobore la baba likawa linapiga pembeni. Juzi nilimwona mjukuu wangu akisawazisha unga kwenye kikombe cha kupimia kwa kidole, nikaikumbuka alasiri moja.

Baba alipima baruti ya gobore hivyo hivyo: alijaza kipande cha mwanzi, akafuta ya juu kwa kidole.

"Jana ulimimina kwa ukarimu, baba watoto, ukaua mnazi," mama akamtania.

"Leo kila mlio kipimo kimoja," baba akajibu.

Nikadhani baba amekuwa bahili. Kumbe baruti ikilingana, risasi hailewi. Kifuu alichokilenga kikaruka, cha pili kikaruka, na kabla ya magharibi nguruwe mmoja akaanguka shambani. Moshi ulinuka kiberiti. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mihogo iliyosalimika ndiyo iliyonikuza. Leo nina nyumba ya bati, minazi, ng'ombe na pikipiki. Shule sikusoma; nilichonacho ni kipimo kile cha baba.