Kitanda cha Mke Mwenza

Mama mkubwa hakuwahi kukaa kwenye kiti kabla ya kukitikisa. Alikishika mgongoni kwa mkono mmoja, akakisukuma mbele, akakivuta nyuma, akasikiliza, ndipo akaketi. Alifanya hivyo nyumbani kwake, kwenye sherehe za watu, benki, hata hospitalini mbele ya daktari. Siku moja alilitikisa kochi jipya la wakwe zangu mpaka mito ikaanguka, na mama mkwe akanitazama mimi kana kwamba nimeleta mkaguzi.

"Sina ubaya nalo," mama mkubwa alisema, akijitupa humo kwa raha. "Nilitaka tu tufahamiane."

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na wateja walimwita Mama Geti. Karakana yake ilikuwa uani, ikitazamana na mlango wa jikoni, kwa hiyo chakula cha nyumba ile kilikuwa na harufu ya mbali ya chuma kilichoungua. Nilirudi kuishi kwao kwa muda, baada ya nyumba yangu mwenyewe kuwa kimya mno. Muda ule ukarefuka, na hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini.

Mume wake, baba mkubwa, alikuwa na boti. Ilikuwa boti ndogo ya mbao, ya kijani kwa nje na nyeupe kwa ndani, na kila asubuhi ilivusha mikate kwenda ng'ambo ya ziwa. Akirudi aliisugua, akaikausha, akaifunika turubai, huku akiizungumzisha kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mama mkubwa akaiita "mke mwenzangu".

"Mke mwenzangu ameamkaje?" alikuwa akiuliza asubuhi.

"Ameamka na maji kidogo tumboni."

"Pole yake. Mimi nimeamka na masikio yanauma. Kuna mtu alikoroma."

Kwa miaka mingi boti ile ilivutwa hadi nchi kavu na wanaume wanne au watano waliokuwa wakifanya kazi karibu na gati. Kisha mmoja akahama, mwingine akazeeka, mwingine akapata kazi ya kukaa ofisini, na baba mkubwa akabaki akiivuta mwenyewe. Mchana mmoja bega lake la kulia likachomoka. Lilirudishwa, lakini halikurudi sawasawa. Kuanzia hapo mkono wa kulia ulimfaa kushikia kikombe na kupungia watu, basi.

Boti ya mbao haiwezi kuachwa majini siku zote. Mbao zinalowa na kuvimba, mawimbi yanaigongagonga kwenye nguzo za gati, na msimu mmoja ukipita unakuwa na kuni. Baba mkubwa alilijua hilo kuliko yeyote. Kwa hiyo, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba mwenye mashine ya kusaga ameulizia boti, na kwamba yeye ataiuza. Jamaa angekuja kuitazama Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Mama mkubwa aliacha kutafuna. "Halafu wewe utakuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Na wewe."

"Kutwa nzima?"

"Si ndiyo ndoa hiyo?"

Mama mkubwa alinigeukia. "Mwanangu, umesikia? Anataka kuniua huyu." Alicheka, nasi tukacheka, lakini alipokuwa akikusanya sahani nilimwona akimwangalia mumewe kisogoni kwa muda mrefu. Tayari baba mkubwa alikuwa ameanza kukaa kama mgeni kwenye kiti chake mwenyewe. Mtu yule bila ziwa asingedumu, na mama mkubwa aliliona hilo kabla yetu sote.

Kesho yake muuzaji wa mashine aliitwa. Alikuja na viatu vinavyong'aa na picha za mitambo ya umeme ya kunyanyulia boti. Mama mkubwa alimkaribisha kiti, akakitikisa kwanza kwa niaba yake.

"Hapa mzee anabonyeza tu," muuzaji alisema. "Boti inapanda yenyewe."

"Umeme ukikatika?"

"Kuna betri, mama."

"Betri ikiisha?"

"Haiishi upesi. Lakini ikiisha, kuna hendeli ya dharura. Unazungusha kwa mkono."

"Inapanda?"

"Inapanda vizuri kabisa."

"Basi niuzie hiyo hendeli peke yake," mama mkubwa alisema, "hayo mengine rudi nayo."

Muuzaji alikunywa chai yake, akaaga kwa adabu. Hapo mama mkubwa akaamua kwamba atautengeneza mtambo mwenyewe, wa mkono, wa mtu mmoja mwenye bega moja.

Kwanza alifikiria kamba na kapi, na upande wa pili pipa la mawe la kusawazisha uzito. Aliliacha wazo hilo kwa sababu boti ikinyeshewa inakuwa nzito kuliko jana, na pipa halina habari. Baadaye akafikiria gurudumu kubwa kama usukani wa lori. Boti ingepanda kwa mizunguko michache, lakini kila mzunguko ungekuwa kazi ya mwanamume mzima. Mwishowe alileta winchi mbili kuukuu, mashine za kuvutia mizigo kwa waya, kutoka kwa wauza vyuma chakavu, akazifunga kwenye nguzo za uani, akaning'iniza gunia la mchanga kwenye kila moja, akamwita mumewe.

"Jaribu hii. Sasa jaribu ile."

Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Ya kwanza ilinyanyua gunia upesi, naye akakunja uso. Ya pili ilikuwa na gia ndogo inayosukuma gia kubwa. Ilizunguka kama haina kitu, ila gunia lilipanda taratibu kama mtu anayeamshwa aende shule.

"Unataka nzito na fupi, au nyepesi na ndefu?" mama mkubwa aliuliza.

"Nyepesi na ndefu. Kwani nawahi wapi?"

Wakakubaliana. Zingesimama nguzo nne za bomba la chuma kando ya gati, na kati yake fremu yenye mbao mbili zilizovishwa vipande vya zulia kuukuu, ili tumbo la boti lisichubuke. Fremu hiyo aliiita kitanda. Ingeshuka chini ya maji, boti ingeingia juu yake, kisha nyaya za chuma zingeivuta juu kupitia makapi. Winchi ingekaa chini ya benchi, juu ya gati, na hendeli ingechomoza ubavuni, ili baba mkubwa azungushe akiwa ameketi, akiitazama boti yake ikipanda.

"Unamtengenezea mke mwenzako kitanda," nilimwambia.

"Na zulia juu. Mimi nililetewa godoro la pamba lenye uvimbe katikati. Lakini sisemi kitu."

Vipimo vya hendeli alivichukua mezani, wakati wa chai. Alimpa mumewe mwiko. "Koroga."

"Nikoroge nini?"

"Hewa. Kama uji mzito. Usinyooke, kaa unavyokaa siku zote."

Baba mkubwa akakoroga hewa kwa mkono wake mzima, wa kushoto, kwa utulivu, huku mama mkubwa, aliyeketi mbele yake ng'ambo ya meza kama kawaida yao, akifumba jicho moja na kuchora duara hewani kwa chaki. Alipima urefu kutoka sakafuni, akapima upana wa duara, akaenda karakana akinong'ona namba asizisahau.

Kutoka siku ile karakana haikunyamaza. Mama mkubwa alichomelea, akapiga nyundo, akaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu bega la mumewe litoke. Ilikuwa sauti mbaya, tuseme ukweli, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine ya kukatia vyuma, lakini ilijaza uani. Kilichompa raha zaidi ni ulimi, kipande kidogo cha chuma kinachoangukia kwenye meno ya gia ili hendeli isirudi nyuma. Ukiizungusha inalia ta, ta, ta. Ukiiachia, boti inabaki pale pale ulipoifikisha.

"Sikiliza," aliniambia, akizungusha. "Hii haimwangushi mtu. Hata akipiga chafya katikati."

Siku hizohizo baba mkubwa alianza tabia ngeni. Kila alipoketi, aligeuza kiti. Alikaa akiwa ameupa mgongo ukuta aliozoea kuutazama, akaupa mgongo mlango, akaipa mgongo hata meza yenye chakula, mkono wa kushoto ukizungukazunguka taratibu ubavuni. Nilidhani ni uzee. Nilipomuuliza, aliniambia anajinyoosha.

Mtambo ulipofungwa gatini, mama mkubwa hakukubali boti ipande kabla yake. Alishika nguzo moja moja akazitikisa. Kisha akalala mwenyewe kwenye kitanda kile, magunia mawili ya mchanga miguuni, kofia yake ya kuchomelea kifuani, akaniamuru nizungushe hendeli. Nikaketi kwenye benchi, nikazungusha kwa mkono wangu wa kulia, ta, ta, ta, na mama mkubwa akapaa juu ya maji kama malkia asiye na watumishi.

"Kimenibeba mimi," alitangaza kutoka juu. "Yeye ni nani asibebwe?"

Jumamosi ikafika, na mwenye mashine ya kusaga akaja na kofia yake iliyojaa unga. Watu wa gatini nao walikuwa wamekusanyika. Baba mkubwa aliingiza boti polepole juu ya kitanda, akaifunga, akapanda gatini. Alitembea hadi kwenye benchi. Alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaipa boti mgongo, akaketi akitutazama sisi, akashika hendeli kwa mkono wa kushoto, akaanza kuzungusha.

Ta, ta, ta. Boti ikaanza kupanda nyuma yake.

"Mzee," mwenye mashine ya kusaga alisema, "boti iko huko. Mbona unatuangalia sisi?"

"Ile nimeitazama miaka yote," baba mkubwa alijibu bila kucheka. "Ninyi ndio sijawatazama vizuri."

"Na utajuaje imefika?"

"Ninyi mtaniambia."

"Na sisi tusipokuwepo?"

Baba mkubwa aliendelea kuzungusha, amenyooka kama mwenyekiti wa mkutano. Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona mama mkubwa. Alikuwa ameinua mkono wake hewani, anachora duara. Akachora duara lingine kwa mkono wa pili. Akautazama mkono mmoja, akautazama mwingine.

Alikuwa amempima akiwa ameketi mbele yake. Mkono mzima wa mumewe, ule wa kushoto, kwa macho ya mama mkubwa ulikuwa upande wa kulia, upande wa jiko, kama ulivyokuwa kila mlo wa maisha yao. Na kwenye benchi hendeli akaiweka hivyohivyo, kulia. Mtambo mzima ulikuwa umetengenezwa kumfaa mtu anayemtazama yeye.

"Simama!" alipiga kelele. "Acha hapo, ulimi utashika!"

Boti ikasimama nusu njia, ikidondosha maji. Mama mkubwa alimfuata mumewe mpaka kwenye benchi.

"Ulijua?"

"Niliona tangu siku ulipoichomelea hendeli."

"Na hukusema! Ndiyo maana nyumba nzima umekaa kinyumenyume kama kuku anayeatamia! Kwa nini hukusema, wewe mwanamume?"

Baba mkubwa alitazama watu, akatazama viatu vyake. "Ulikuwa unaimba," alisema.

Mama mkubwa akavuta pumzi.

"Nimekosea mimi," aliwaambia watu wote, kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo. "Nilimpima kama picha ya ukutani. Sasa mliokuja kucheka, mmoja anishikie spana."

Aliyeishika spana alikuwa mwenye mashine ya kusaga. Mama mkubwa alikimbilia karakana, akarudi na kipande cha bomba kilichobaki kwenye geti la mtu, na mashine yake ya kuchomelea kwenye mkokoteni, na waya mrefu wa umeme uliokopwa kwenye kibanda cha gati. Alirefusha mhimili wa winchi ukapita chini ya benchi mpaka ukachomoza kushoto. Akang'oa hendeli kulia, akaivalisha kushoto, akakaza nati. Akatikisa benchi. Akamtikisa na mumewe begani, lile zima.

"Kaa. Tazama mbele."

Baba mkubwa akaketi akiitazama boti yake. Ta, ta, ta. Ilipanda ikitiririsha maji, tumbo lake la kijani likatokea lote, ikatulia juu ya zulia. Aliachia hendeli. Ulimi ukashika. Akakaa tu pale, mkono wa kushoto gotini, na hatukujua kama amechoka au amefurahi, mpaka alipomgeukia mwenye mashine ya kusaga.

"Nisamehe bwana. Haiuzwi."

"Nimeona," jamaa alisema, akifuta grisi kwa kofia yake. "Mama Geti, basi na mimi nitengenezee mtambo kama huu."

"Boti unayo?"

"Sina."

"Anza na hiyo."

Mikate iliendelea kuvuka. Mama mkubwa alipata wateja wengine wa boti, na kwa kila mmoja alisimama nyuma yake kumpima, kamwe si mbele. Nyumbani tulizoea kusikiliza. Upepo ukiwa mzuri, mlio wa ulimi ulifika mpaka jikoni, na tulijua amerudi salama kabla hajafika mlangoni. Mama mkubwa hakusema kamwe kwamba anausubiri. Alipunguza tu sauti ya redio.

Miaka kadhaa baadaye moyo wake ulianza kuchoka. Aliagiza kitanda chake kisogezwe kwenye chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa, na kabla ya kulala juu yake alikitikisa, ingawa alikichomelea mwenyewe. Asubuhi ya mwisho nilikuwa pembeni yake. Alikuwa amefumba macho na hakuwa amesema kitu tangu alfajiri, nikadhani amesinzia. Kisha mlio ukaja kutoka gatini, polepole, mwepesi na mrefu. Alisikiliza mpaka ukakoma.

"Huyo, amemlaza mke mwenzangu," aliniambia. "Injika chai, mwanangu. Anakuja kwangu."