Hodi kwa Gati

Tabitha Waitara aliajiriwa na shirika moja dogo pale Mugumu kuwa katibu muhtasi, akachapa barua na kupokea wageni kwa miaka minne bila mtu kumdhania zaidi ya hapo. Shirika lilitengeneza programu tatu za simu: moja ya wanaosajili mifugo iliyochanjwa, moja ya kamati za watumia maji upande wa Manchira, na moja ya wakulima. Msimbo wa zote tatu, yaani yale maandishi ambayo mafundi huiandikia kompyuta, ulikaa ghala moja. Kila programu na chumba chake, na chumba kingine cha vitu wanavyotumia wote. Fundi aliyekuwa akitoa matoleo mapya, Nikolaus, alipopata kazi Mwanza, alimwachia Tabitha shughuli hiyo kwa sababu ndiye pekee ofisini aliyekuwa hasahau kitu. Wenzake walicheka. Tabitha alinunua daftari, akaandika kila alichoambiwa, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wa shule ya masista.

Kwa miaka sita alilifuata daftari lile kama ratiba ya ibada. Badilisha namba ya toleo. Jenga programu ya mifugo, subiri. Ijaribu kwenye simu tatu. Itie saini kwa ufunguo wa siri, ili simu za watu zijue imetoka nyumba ileile. Kisha ya maji, kisha ya wakulima. Toleo moja lilikula siku nzima, na ukimsemesha katikati alikunyooshea kiganja bila kugeuka. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na binti yake Neema ameolewa mbali; siku ya toleo ndiyo siku aliyoamka akijua kwamba bila yeye kuna jambo halitafanyika.

Hatua ya ishirini na mbili Nikolaus hakuifundisha. Aliiongeza mwenyewe: "Piga hodi kwa Gati." Gati alikuwa mkulima wa Gorong'a na kiongozi wa wahudumu wa kujitolea waliosajili ng'ombe siku za chanjo. Tabitha alilelewa kwamba huingii kwa mtu bila kubisha, na kwake yeye, kubadilisha kitu ndani ya simu ya mtu ni kuingia kwake. Basi kabla ya kutuma alipiga simu. Waliulizana mvua, watoto, goti la Gati ambalo halikupona wala halikuzidi. Gati akisema karibu, toleo lilitumwa. Akisema kuna msiba, au kesho kuna chanjo, lilingoja. Katika miaka yote hiyo walikuwa wameonana mara mbili tu.

Halafu akaletwa Felix. Mkuu wa ofisi, Agness, alieleza vizuri: kosa dogo likigunduliwa linakaa mwezi mzima kwenye simu za watu likisubiri siku ya toleo, na hilo si haki. Felix angejenga mtambo wa kufanya kazi ile yenyewe. Tabitha aliitikia kwa kichwa, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuogopa kufukuzwa, maana Agness si mtu wa hivyo. Aliogopa kubaki ofisini kama kalenda ya mwaka jana.

Tatizo ni kwamba kijana mwenyewe hachukiki. Alikuwa mtoto wa Tarime, mrefu, mwenye adabu. Kila asubuhi shikamoo mama, kisha anavuta kiti na kuomba daftari. Alisoma kila hatua na kuuliza sababu yake, na kila Tabitha alipoeleza, Felix aliigeuza kuwa mistari michache ndani ya faili. Fundi akigusa chumba cha mifugo, ijengwe ya mifugo peke yake. Akigusa chumba cha wote, zijengwe zote tatu. Majaribio yakifeli, kila kitu kisimame. Saini iwekwe na mtambo, ufunguo ufichwe pasipofikiwa na mtu. Jina la mtambo kwa Kiingereza lilikuwa refu, ofisini wakauita bomba: unamimina msimbo huku, programu inatoka kule. Tabitha alikuwa anaona kazi yake ikihama mstari kwa mstari, na kinachoudhi ni kwamba alikuwa anaipenda namna inavyohama.

Wakafika hatua ya ishirini na mbili. Felix akauliza Gati ni nani na hodi ni ya nini.

Hapo ndipo alipokosea, tena akijua. Baada ya majaribio na funguo za siri, kumwambia kijana msomi kwamba yeye hubisha hodi kwenye simu za watu kulimtia aibu. "Hiyo ni salamu tu," akasema. "Iruke."

Bomba likaanza kazi. Dakika kumi na moja, programu zote tatu. Ofisi ikapiga makofi, na Tabitha naye akapiga, kwa nusu ya moyo.

Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumatano, fundi mmoja alirekebisha jambo dogo kwenye chumba cha wote, sehemu ya watu kujitambulisha. Bomba likajenga zote tatu, majaribio yakapita, alama zikawa kijani, zikatumwa. Huko Gorong'a wahudumu walikuwa njiani kwenda joshoni kuchanja, na simu zikapokea toleo jipya barabarani. Walipofika, kila simu ilimtaka mwenyewe ajitambulishe upya kwa namba itakayokuja kwa ujumbe, na joshoni mtandao haushiki. Ng'ombe walikuwa wamesimama tangu alfajiri, wenye mifugo wakinung'unika, dawa iko kwenye boksi la barafu. Gati na goti lake akapanda kilima kutafuta mtandao. Hakuipigia ofisi. Alimpigia Tabitha.

"Mama Neema," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Leo mmeingia bila kubisha."

Tabitha aliomba radhi akiwa amesimama, kisha akamwambia waandike kwenye karatasi kama zamani, jina la mwenye mifugo na rangi ya kila ng'ombe, ataziingiza yeye mwenyewe baadaye. Chanjo ikaendelea. Hakuna ng'ombe aliyerudi bila kuchanjwa, ingawa saa mbili za watu zilikuwa zimepotea.

Mficha uchi hazai. Mchana uleule aliwaita Felix na Agness akawaambia yote: kwamba ile haikuwa salamu, kwamba ndani ya salamu ndimo alimokuwa akijua kama nyumba ina nafasi ya mgeni. "Nilimdanganya huyu mtoto," akasema. "Niliogopa kuonekana mshamba."

Felix akalivuta daftari, akaifungua hatua ile. Akasema kosa ni lake pia, maana hatua nyingine zote aliuliza mara mbili, hiyo aliuliza mara moja. Bomba linaweza kuwekewa kituo, akaeleza: likishamaliza kujenga na kutia saini, linasimama mlangoni hadi mtu mmoja aruhusu. Akageuza kompyuta. Kwenye nafasi ya mwenye ruhusa alikuwa ameshaandika jina: Tabitha Waitara.

Aliliangalia. Hicho ndicho alichokitaka tangu siku ya chooni. Bila yeye lisifanyike. Alitamani kusema asante na kufunga mazungumzo. Lakini alimkumbuka mwenzake aliyepanda kilima na goti bovu, na hakuweza.

"Futa," akasema. "Anayesema karibu ni mwenye nyumba. Andika Gati. Na ya maji, muulizeni Christina wa kamati ya Manchira; ya wakulima, wachague mtu wao."

Felix akafuta. Tabitha akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Toleo la kwanza la namna hiyo lilitoka Jumatatu. Bomba lilijenga, likasimama, likamtumia Gati ujumbe wa Kiswahili ambao Tabitha ndiye aliyeuandika. Baada ya dakika kama ishirini jibu likaja, alama ikawa kijani, programu ikaenda. Mkono wa Tabitha haukugusa popote. Felix akampa tano yule fundi mwenzake, wakatoka kwenda kula. Tabitha akabaki ameketi, mikono mapajani, akijiambia kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Simu yake ikaita.

"Hiyo mashine ya yule kijana, yule mura wenu, imebisha, nimeikaribisha," akasema Gati. "Sasa wewe, mbona kimya?"

Tabitha akajieleza: hakuona sababu ya kumsumbua, kwa kuwa ruhusa iko mikononi mwake na kazi imekwisha.

"Ndiyo, kazi imekwisha," Gati akasema. "Miaka sita tunaongea na toleo linatusubiri. Leo hakuna anayesubiri. Haya, niambie, Neema hajambo?"

Tabitha akaenda kwanza kufunga mlango wa ofisi, na Gati akamngojea.